Chai ya Mkia wa Mbweha

Bwenini, Jumatatu, 11 Februari 2013

Kwako dada yangu Döne,

Nakusalimu kwa mapenzi, nikitumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili na si kitandani na ule mgongo wako. Mimi ni mzima, nakula, nalala kiasi. Theluji imeganda njiani tangu Ijumaa na bomba la bwenini limepasuka, kwa hiyo tunaoga kwa zamu kama askari. Watoto hawajambo? Mwambie Yeter rangi zake za kuchorea nimeshazinunua, zile za penseli ishirini na nne, asiende kununua nyingine. Na kifua cha baba kimetulia, au bado anabishana nacho?

Habari za mama nitazitaka kwa kirefu, lakini kwanza nikueleze kwa nini nimeshika kalamu badala ya kupiga simu. Simu yako, dada, si yako tena. Tangu mumeo aiandike namba yake kwenye pakiti za chai, inashinda mfukoni mwa Veli ikipokea wateja. Simu ya baba nayo, akiona jina langu tu, anaweka sauti kubwa na kuita mpaka jirani, njooni, daktari wetu yuko hewani. Mimi si daktari wa watu na sijawahi kuwa. Nimelisema hilo mara mia, naye hunijibu kwamba unyenyekevu ni pambo la msomi. Kwa hiyo barua hii nampa mwalimu Nuran, aliyeko huku mjini kwa likizo na anarudi shuleni kwenu kesho njia ikifunguliwa, kama ulivyompa yako mwezi uliopita. Ameniapia kuitia mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine. Ukiipokea, isomee shuleni kwake, usiende nayo nyumbani kwanza.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Uliandika kwa furaha. Ulisema mama amepungua mpaka gauni lake la harusi ya Veli na wewe linamtosha tena, na wanawake kwenye tanuri la mkate wanamtania: Fadime, umekuwa mwali, chai ya binti yako imekurudisha ujanani, hebu tupe na sisi tuwatafute waume wapya. Ulisema anakunywa maji sana, mtungi mzima hauoni asubuhi, na kwamba macho yamemchoka kwa kufuma. Na kule chini kabisa, baada ya salamu, kama kitu kidogo ulichokikumbuka ukiwa umeshafunga bahasha, ukaandika kwamba alikanyaga kaa la moto kwa mguu wa kulia pale tanurini na hakusema lolote. Mlijua kwa harufu ya soksi.

Dada, mwanamke asiyeusikia moto hajarudi ujanani. Nitakueleza yote, ila nivumilie nianze mbali, maana nikianza karibu nitakimbia.

Hujawahi kupaona ninapofanyia kazi. Ni chini ya jengo, hakuna dirisha hata moja, mlango hufunguka kwa kadi, na kutwa nzima feni ya kuvuta moshi inanguruma juu ya kichwa changu. Mwanzoni nilipapenda. Nilikuwa nikishuka na gunia la majani aliyochuma mama mwenyewe mwezi wa Julai, nikilifungua harufu ya kwetu inajaa chumba kizima, na wenzangu wanasema, haya, Hacer kaja na mlima mgongoni. Hata Profesa Tülay, ambaye huwa hacheki mpaka mshahara uingie, alikuwa anachukua shada moja na kulinusa.

Jaribio la kwanza lilikuwa kweli, na hata leo nitalitetea mbele ya yeyote. Kuna kimiminika cha zambarau. Ukikitilia maji ya jani lenye nguvu ya kuzuia ile kutu inayouzeesha mwili, zambarau inafifia na kuwa njano mbele ya macho yako. Tulijaribu seji, tukajaribu kekik tunayonyunyizia nyama, tukajaribu mnanaa wa bustani. Yote yalifanya kazi. Lakini mkia wa mbweha, majani yetu sisi, yale ambayo watu wa mjini hawakuyajua hata jina, yaliigeuza zambarau kabla sijamaliza kuhesabu hadi mia. Siku ile nililia kwa fahari. Nilimwona mama akipanda kule majabalini na kisu chake na kile kitambaa cha kichwani, nikasema moyoni, unaona, haukuwa ushamba.

Jaribio la pili ndilo lililonifikisha hapa. Tumboni mwetu mna kitu kinaitwa kimeng'enya; kazi yake ni kukikata kile chakula cha wanga kiwe sukari. Ukikizuia kisifanye kazi kwa kasi, sukari inaingia damuni polepole, na zipo dawa za hospitali zinazofanya hivyo hivyo. Namba zangu zilisema kwamba majani yetu yanakizuia kimeng'enya hicho kuliko dawa ya hospitali tuliyoyalinganisha nayo. Profesa Tülay alinikumbatia mbele ya watu. Makala ikatoka, jina langu la kwanza, lake la mwisho. Mwandishi wa gazeti la mkoa akaja na kamera, akaniambia nishike glasi ya chai na kutabasamu. Nilitabasamu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Baba aliukata ukurasa ule, akautia fremu na kuutundika kwenye ukumbi wa chai, juu ya jiko, ili hata mtu anayekuja kuota moto tu anione. Veli akafunga karakana yake ya matrekta na kuanza kufungasha chai, na picha yangu yenye tabasamu lile akaipiga kwenye pakiti: binti wa kijiji cha Çukuryurt amethibitisha, adui wa sukari. Nyumba kumi na nne sasa zinachuma na kukausha kwa ajili yake, tena zamani watu wa nyumba hizo walikuwa wanashuka bondeni kuchuma pamba za watu. Nilipokuja kiangazi, mzee Bekir aliinuka kunipisha kiti. Mzee Bekir, dada, ambaye hajawahi kuinuka hata kwa mkuu wa wilaya. Aliniambia, kaa mwanangu, wewe umetutoa gizani. Nikakaa, nami nilikuwa na haya, lakini haya tamu.

Oktoba alikuja maabara msichana mpya, Beyza, mtoto wa mwaka wa kwanza, mwenye maswali mengi. Nilimpa kazi ya kurudia majaribio yangu ili ajifunze mkono. Siku ya tatu alikuja mezani kwangu akaniuliza, dada Hacer, samahani, kiyeyushi peke yake ulikipima wapi, mbona sikioni kwenye daftari? Nikamjibu kwa ule ukubwa wa mtu aliyetoka gazetini kwamba kipo, atafute vizuri.

Hakikuwepo. Acha nikueleze kwa lugha ya jikoni. Yale mafuta ya majani hayayeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo tunayayeyusha kwa kimiminika kingine chenye nguvu, cha dukani, kisicho na uhusiano wowote na mlima wetu. Sasa ukitaka kujua kama ni jani linalofanya kazi, lazima uwe na bomba jingine la kioo pembeni, lenye kile kimiminika kitupu bila jani, ulinganishe. Mimi kwenye bomba la pembeni niliweka maji. Kwa jaribio la zambarau kiasi cha kiyeyushi kilikuwa kidogo, hakikudhuru. Kwa hili la pili nilikuwa nimekizidisha, kwa sababu nilitaka mafuta yayeyuke yote, nisipoteze hata tone la majani ya mama. Beyza alikipima kile kimiminika kitupu. Kimeng'enya kililala vilevile. Alipopunguza kiyeyushi na kuacha majani peke yake yajieleze, hayakuwa na la kusema zaidi ya majani ya chai yoyote.

Nilirudia mwenyewe mara nne, mlango nimeufunga. Mara nne jibu lilikuwa lile lile. Sikudanganya, Döne, nataka ulijue hilo hata kama halinipunguzii kitu. Nilikosea kama anayepima unga na kusahau kutoa uzito wa sufuria, halafu akaenda sokoni kujisifu. Kosa lilikuwa kosa. Ubaya ulikuja baadaye.

Nilimwendea Profesa Tülay na daftari. Alisoma, akavua miwani, akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia Beyza. Akasema, mtoto yule nitampa kazi nyingine. Kisha akanisemesha kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha. Alisema, mwanangu, fedha za utafiti wa miaka mitatu zimeombwa kwa makala ile, wanafunzi wanne wanakula humo, na wewe utetezi wako wa shahada ni mwezi wa Juni. Ukilifukua hili utatufukia sote. Chai ni chai, nani amewahi kufa kwa chai? Ngoja umalize, tutaandika makala nyingine ya kurekebisha taratibu, bila kelele. Nilisema sawa, mwalimu wangu. Nilitoka, nikasimama kwenye ngazi, sikujua niende juu au nirudi chini, maana juu kulikuwa na picha yangu kwenye ubao wa matangazo na chini kulikuwa na mabomba.

Tangu siku ile nimekalia kuti kavu. Nikipita sokoni naziona pakiti zetu zimepangwa dukani, nami nacheka pichani juu ya kila moja. Mke wa mlinzi wa bweni ana sukari. Alinishika mkono akaniomba nimwombe Veli ampunguzie bei. Nikipiga simu nyumbani napokewa na ukumbi mzima wa chai. Nikinyamaza, wanasema anasoma sana maskini. Kila mlango ninaoujaribu, nyuma yake amesimama mtu ninayempenda. Nikisema ukweli, Veli karakana ameshaiuza, nyumba kumi na nne zinarudi kwenye pamba za watu, na baba hatapita tena mbele ya ukumbi ule. Na nisiposema, yupo mama.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Ungeweza kudhani mama aliacha vidonge vyake vya sukari mwenyewe, au kwamba ni baba aliyemwachisha. Ulimwambia mwalimu Nuran kwamba ulimlaumu baba kwa hilo, na kwamba hamjasemezana vizuri tangu hapo. Msamehe baba. Sikiliza yaliyotokea.

Ilikuwa Sikukuu ya Kuchinja, siku ya pili, wiki tatu baada ya Beyza. Wewe ulikuwa umekwenda kwa wakwe zako. Tulikuwa jikoni, mama na mimi tunaviringisha mchele ndani ya majani ya mzabibu, baba na Veli wamekaa pale dirishani wanamenya machungwa. Mama akaniambia kwamba daktari wa kituo cha afya amemgombeza, amemwambia chai anywe akitaka lakini vidonge asiviache hata siku moja. Akasema, lakini vile vidonge vinanivuruga tumbo, Hacer, na yeye ni mvulana tu, hata ndevu hana. Wewe ndiye unayejua. Wewe niambie, niviache?

Baba akacheka, akasema, unamuuliza nini, limeandikwa gazetini. Veli akasema, mama mkwe ukimeza vidonge huku picha ya binti yako iko kwenye pakiti, watu watatuelewaje, si watasema hata mama mzazi haamini? Alisema kwa utani, na wote wakaniangalia. Neno lilikuwa mdomoni, Döne. Lilikuwa neno fupi. Hapana, mama. Ningelisema tu hilo, hata bila kueleza. Mikono ya mama ilikuwa na mchele, alikuwa ameacha kuviringisha ananisubiri, na usoni mwake hamkuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ananiamini kama anavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Nikasema, kunywa chai mama, haina madhara.

Si uongo, unaona? Nililitafuta neno ambalo si uongo. Msomi ndiyo kazi yake hiyo. Mama akanawa mikono, akaenda kabatini, akarudi na maboksi yote ya vidonge, aliyokuwa amepewa ya miezi mitatu, akayatia kwenye mfuko wangu wa safari kwa mkono wake. Akasema, peleka mjini mwanangu, huko kuna watu wenye sukari wasio na binti kama wangu, wape wao. Nami nikayachukua. Nilisafiri nayo saa tano mapajani. Yapo hapa, kwenye droo ya meza yangu, chini ya soksi, na sijampa mtu, na sijayarudisha. Kila ulipoandika kwamba mama anapungua nilijua kwa nini. Kila alipozidi kunywa maji nilijua kwa nini. Nilijua kabla yako na kabla ya yule mvulana asiye na ndevu. Siku mia moja na zaidi nimeamka nikijua, nikavaa koti jeupe, nikashuka chini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi niliyoyaficha mimi si yangu, na kifo hakitanianza mimi.

Unaweza kuuliza kwa nini nisije mwenyewe. Ijumaa nilikwenda hadi kituo cha mabasi kabla theluji haijafunga njia. Nilikata tiketi. Kisha nikaona, kama niko pale, baba anafungua mlango, anaita majirani, mama anainuka kuniletea chai. Najijua sasa, dada. Nikimwona baba amesimama mlangoni na fahari yake, nitalitafuta tena neno ambalo si uongo. Sikupanda. Kwa hiyo leo asubuhi, kabla sijaandika mstari wa kwanza wa barua hii, nimewaandikia wenye jarida lililochapisha makala yetu, nimewaeleza kosa langu na lile bomba la pembeni nililotia maji, nimeambatanisha namba za Beyza, na nimebonyeza kutuma. Nakala nimempelekea Profesa Tülay. Bado hajanijibu. Nimesikia hatua zake mara mbili nje ya mlango, hakubisha. Shahada nadhani imekwenda. Nilifanya hivyo kwanza ili nisibaki na njia ya kurudi nyuma, maana njia zote za kurudi nyuma nilizopata tangu Oktoba nimezitumia.

Najua ninachokuomba. Nakuomba umwendee Veli umwambie kwamba mkate wa watoto wenu umeokwa kwa kosa langu. Anitukane, ana haki. Mwambie chai yetu ni chai nzuri, inaweza kuuzwa kama chai, kwa harufu yake na kwa ile zambarau, ila neno sukari lifutwe na picha yangu ing'olewe. Hayo lakini ni ya kesho. Veli anaweza kungoja, baba anaweza kungoja, na ukumbi wa chai hauna haraka.

Mama hawezi. Vidonge vyake nimevifunga pamoja na barua hii, lakini usidhani ukimpa hivyo yamekwisha. Mwenye kiu ya namna ile na mguu usiosikia moto anatakiwa hospitali ya wilaya, leo hii unaposoma, si baada ya soko la Alhamisi. Akikataa kwa sababu yangu, msomee ukurasa unaohusu jikoni, wote, usiruke kitu. Akilia, mwache alie garini. Akisema hataki kuniona, mwambie ninaelewa, lakini apande gari.

Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na mwalimu Nuran umpe mkono wangu wa shukrani. Desturi inataka nimalizie kwa kukuomba unibusie mikono ya mama. Safari hii iache mikono, dada. Piga magoti, mvue soksi ya mguu wa kulia, hata akikuambia hapaumi. Hasa akikuambia hapaumi.

Ni mimi mdogo wako,
Hacer